Kikwembe, Suruali na Mamlaka: Historia ya Mavazi katika Butembo na Beni

Katika miji ya Butembo na Beni, mkoani Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vazi la mwanamke linalohesabiwa kuwa la heshima ni kikwembe, yaani kitambaa cha pamba chenye nakshi zilizochapwa ambacho watu wa Tanzania na Kenya hukiita kitenge, kinachofungwa kiunoni na kushuka hadi vifundoni, pamoja na libaya, blauzi iliyoshonwa kwa kitambaa hichohicho. Wazee wengi hulitetea vazi hilo kwa jina la mababu, na msichana anayetoka nyumbani kwao akiwa amevaa suruali huweza kuambiwa kwamba amezitupa desturi za Wanande, ambao hujiita pia Wayira. Hata hivyo, historia ya nguo katika nchi hiyo ya milima inaonyesha kwamba kikwembe ni kigeni karibu sawa na suruali, na kwamba mpaka kati ya vazi la kike na la kiume ulisogezwa mara kadhaa ndani ya karne moja, kila mara na mwenye uwezo wa kuamuru au mwenye fedha za kuleta kitambaa.

Kabla ya nguo za kufumwa kuenea, Wanande, kama ndugu zao Wakonzo wa upande wa pili wa milima ya Ruwenzori, walivaa magome ya mti yaliyopondwa hadi yakalainika, pamoja na ngozi za mbuzi. Mavazi hayo hayakukatwa kwa mkasi wala kushonwa kwa kipimo cha mwili, hivyo tofauti ya mume na mke ilikuwa zaidi katika namna ya kufunga na katika mapambo. Mwishoni mwa karne ya 19, Waungwana, wafanyabiashara Waislamu waliotoka Manyema wakitafuta pembe za ndovu, walifika bonde la Semliki na msitu wa Ituri wakiwa na merikani, kitambaa cheupe kilichoitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani, na pia kanzu, ambayo ni nguo ndefu na ilivaliwa na wanaume wenye cheo bila mtu yeyote kuwaona kuwa wamevaa kike.

Wamisionari ndio walioleta mkasi katika jambo hili. Waasumpsyonisti, watawa wa shirika la Kikatoliki lililoanzia Ufaransa, waliingia katika eneo la Beni mwaka 1929, na Wabatisti kutoka Marekani wakajenga vituo vyao Kitsombiro na Katwa. Katika shule zao mvulana alivaa kaptula na msichana gauni, na msichana alifundishwa kushona, kufua na kupiga pasi, mafunzo ambayo serikali ya Kibelgiji iliyaendeleza katika miji ya koloni kupitia nyumba zilizoitwa foye sosyali, zilizokusudiwa kuwaandaa wake wa wafanyakazi. (Inafaa kukumbukwa kwamba mapadri waliosisitiza tofauti hiyo walikuwa wenyewe wamevaa kanzu nyeupe zilizofika miguuni.) Hata hivyo, mahubiri peke yake hayakutosha kuifanya suruali kuwa ya kiume. Kampuni ya madini ya MGL, ambayo Butembo ilikua pembezoni mwa shughuli zake, iliwaajiri wanaume kuwa vibarua na makarani, na mshahara ndio ulionunua suruali, huku wanawake wakibaki katika mashamba ya mlimani ambako fedha ilikuwa haba. Kwa hiyo suruali ilikuwa alama ya ajira kabla ya kuwa alama ya jinsia, na kuikataza kwa mwanamke kulikuwa, kwa sehemu kubwa, kuthibitisha kwamba ajira haikuwa yake.

Baada ya uhuru, serikali iliingia mpaka kabatini. Rais Mobutu, aliyeibadilisha nchi jina kuwa Zaire tarehe 27 Oktoba 1971, alitangaza siasa ya otantisite, yaani kurudia asili ya Kiafrika, na kuwataka wanaume waache suti na tai na kuvaa abakosti, koti lisilo na tai ambalo jina lake lilifupishwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya kuipinga suti. Wanawake walikatazwa suruali, sketi fupi na nywele za bandia, na kikwembe kikawa vazi la taifa. Amri za namna hiyo zilikuwa zimeenea katika ukanda huu: Tanzania ilikuwa imekwisha kuanzisha Operesheni Vijana mwaka 1969, Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi Uganda mwaka 1972, na Malawi ya Rais Banda ilifuata mwaka 1973. Zaire ilijitofautisha kwa kumvisha mwanamume pia, ingawa mizani haikulingana, kwa kuwa mwanamume mwenye tai alishukiwa siasa yake, ilhali mwanamke mwenye suruali alishukiwa mwenendo wake.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba kitambaa kilichotukuzwa kama asili kilikuwa na safari ndefu. Waksi, aina ya kikwembe yenye thamani kubwa kuliko zote, iliigwa na Waholanzi kutoka batiki ya Java, na kampuni ya Vlisco ya mjini Helmond, iliyoanzishwa mwaka 1846, ndiyo iliyoifanya mashuhuri Afrika. Viwanda vya Kinshasa na Kisangani vilichapa vikwembe vya bei nafuu, lakini mama mwenye uwezo alitafuta cha Uholanzi. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu aliwaruhusu wanaume kurudi kwenye tai. Wanawake hawakupata nafuu ya kudumu, kwani Mei 1997, vikosi vya waasi vya Laurent-Désiré Kabila, aliyemwondoa Mobutu madarakani, vilipoingia Kinshasa, baadhi ya askari waliwapiga hadharani wanawake waliovaa suruali za kubana na sketi fupi.

Katika Butembo, hata hivyo, kikwembe hakikuwa kifungo tu. Wafanyabiashara Wanande, waliojulikana kwanza kwa kahawa, maharage na mboga, walifungua njia ya mpaka wa Kasindi kuelekea Uganda na bandari ya Mombasa, kisha wakafika Dubai na China, na vitambaa vilikuwa miongoni mwa bidhaa zao kuu. Kwa mama muuzaji, vikwembe vilivyokunjwa sandukuni ni akiba inayoweza kugeuzwa fedha siku ya shida, na katika mahari, ambayo kwa Wanande msingi wake ni mbuzi, mama wa bibi arusi hupewa kikwembe chake. Mwanamke aliyevaa waksi halisi sokoni hutangaza mtaji wake, na si vyema kumhesabu miongoni mwa waliotii tu.

Njia hiyohiyo ya Kasindi huleta jinzi, ambazo huuzwa kando ya vikwembe. Wasichana huzipenda kwa sababu moja ya kawaida kabisa: usafiri wa miji hii ni pikipiki, na aliyejifunga kikwembe hulazimika kukaa upande nyuma ya motari, kama dereva wa pikipiki anavyoitwa huko, ilhali mwenye suruali hukaa imara. Kanisani kikwembe hufungwa juu ya suruali, na mabishano huahirishwa. Wakati wa mlipuko wa Ebola katika eneo hili, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, wauguzi wa kike na wa kiume walivaa nguo moja ya kujikinga, yenye miguu ya suruali, bila mjadala wa heshima. Kwa upande wa sheria, marekebisho ya mwaka 2016 ya Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 yaliondoa sharti la mke kupata idhini ya mumewe katika mambo ya kisheria, lakini yalimwacha mume kuwa mkuu wa nyumba, na kwa hiyo suala la suruali huamuliwa zaidi mlangoni mwa nyumba kuliko mahakamani.