Vichinjio vya Nairobi: Kutoka Athi River hadi Dagoretti

Mkazi wa Nairobi anayenunua nyama katika bucha ya mtaani huona kisu, ndoano na mizani. Uchinjaji wenyewe hauoni. Tangu mji huu uanze kama kituo cha reli mwaka 1899, wakuu wake wamependa kazi hiyo ifanyikie mbali na maduka na afisi. Hofu ya maradhi ilichangia. Tauni ilipozuka katika soko la Wahindi mwaka 1902, soko zima liliteketezwa kwa amri ya serikali.

Soko la Manispaa, ambalo leo huitwa City Market, lilijengwa katika miaka ya 1930 katikati ya mji, likiwa na mabucha yake. Ng'ombe nao walihitajika kwingineko. Mwaka 1938 kampuni ya Liebig ilijenga kiwanda cha nyama Athi River, kusini mashariki mwa Nairobi. Kiwanda hicho kilitaka ng'ombe wengi wa bei ya chini, na wakati uo huo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwalazimisha Wakamba kupunguza mifugo kwa madai kwamba ilikuwa ikiharibu ardhi. Ng'ombe walitwaliwa na kupigwa mnada.

Katikati ya mwaka huo, maelfu ya Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu waliandamana hadi Nairobi. Walipiga kambi kwa wiki kadhaa, wanaume kwa wanawake, wakidai kuonana na Gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini mpango wa kuwapokonya watu mifugo yao ukaachwa. Barabara inayopita mbele ya City Market sasa ina jina lake, ingawa ni nadra kumpata mnunuzi wa maini anayejua kwa nini.

Tume ya Nyama ya Kenya (KMC) iliundwa kwa sheria ya mwaka 1950, ikarithi kiwanda cha Athi River. Kwa miaka mingi ilikuwa na usemi mkubwa katika biashara ya nyama mijini. Baadaye ililemewa na madeni na usimamizi mbaya, ikafungwa katika miaka ya 1990, ikafunguliwa tena 2006, na mwaka 2020 ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Kadiri ilivyodhoofika, ndivyo wachinjaji wa kibinafsi walivyopata nafasi.

Wengi wao walikuwa Dagoretti, magharibi mwa jiji. Kabla ya uhuru eneo hilo lilikuwa nje ya mpaka wa Nairobi, katika wilaya ya Kiambu, hatua chache kutoka malisho ya Wamaasai upande wa Ngong. Mwaka 1963 mpaka wa mji ulipanuliwa hadi karibu kilomita mraba 690. Kazi iliyokuwa imesukumwa pembeni ikajikuta tena ndani ya jiji.

Vichinjio kama vile Nyongara, Thiani na Mumu vimelisha Nairobi kwa miongo mingi. Malori huleta ng'ombe kutoka Kajiado, kaskazini mwa nchi na hata Tanzania. Uchinjaji huanza kabla ya alfajiri. Mkaguzi akishapiga mhuri, nyama huelekea mabuchani. Ngozi huenda kwa watengenezaji, na vichwa, kwato na matumbo vina wanunuzi wao, wapika supu na mutura. Hakuna kinachotupwa ambacho kinaweza kuuzwa.

Kisichouzika ndicho kimeleta ugomvi. Damu na maji machafu yamekuwa yakiingia katika vijito vinavyomimina Mto Nairobi, ambao nao huingia Mto Athi, na hatimaye Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Njiani wapo wakulima wanaonyunyizia mboga maji hayo hayo, kisha mboga zikarudi kuuzwa mjini. Mamlaka ya mazingira, NEMA, imewahi kuvifunga vichinjio vya Dagoretti kwa sababu hiyo. Vinapofungwa, wachunaji, wapakuzi na wauza matumbo hukosa kazi siku hiyo hiyo, maana wengi hulipwa kwa kutwa.

Nyongara ilijaribu njia nyingine: mtambo wa kugeuza kinyesi na taka kuwa gesi, uliojengwa kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Katiba ya mwaka 2010 iliweka vichinjio mikononi mwa kaunti, na mfereji wa maji taka wa Dagoretti ni miongoni mwa mambo ambayo serikali ya Nairobi ilirithi.