Kopo la Unga Kutoka Mtabila

Kitabu cha Marc Sommers, Fear in Bongoland (2001), kinawafuata vijana wa Kirundi waliotoroka makazi ya wakimbizi wakaenda Dar es Salaam kushona nguo, huku wakificha asili yao. Nilikipenda. Ila nilipokimaliza nilijiuliza: na dada zao je?

Mimi nimekulia Kasulu, kwa hiyo jibu langu linaanzia sokoni. Wilayani kwetu kulikuwa na kambi ya Warundi, Mtabila, iliyofungwa 2012. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ilimtaka mkimbizi akae alikopangiwa; kutoka mpaka kibali. Mwanamke mwenye watoto alibaki na kadi ya mgawo: unga, maharage, mafuta, chumvi. Lakini kadi haikuleta kitenge, wala daftari la mtoto. Basi alipunguza unga wa wanawe mwenyewe, akatoka nao kwa kujificha, akauza.

Mama yangu alikuwa mteja. Alishusha bei mpaka chini kabisa, maana alijua yule mwenzake hawezi kurudi kambini na mzigo. "Si wanapewa bure?" alikuwa akisema. Mfuko niliubeba mimi.

Kirundi na Kiha vinakaribiana sana, tunaelewana bila mkalimani. Siku moja mama mmoja wa kambini alijibu kwa Kiha safi, akajifanya wa kwetu. Akapata bei nzuri zaidi. Unga ni ule ule, kopo ni lile lile. Tofauti ile ndogo ya shilingi ndiyo ilikuwa gharama ya kuwa mkimbizi.

Baada ya 2015 Warundi wengine wakakimbilia Kigoma. Mpango wa kuwapa wakimbizi wa Nyarugusu fedha taslimu ukasimamishwa 2017, na kufikia 2019 masoko ya pamoja kati ya kambi na vijiji yalikuwa yamefungwa. Vitabu huhesabu watu waliovuka mpaka na magunia yaliyogawiwa. Anayepoteza meza ya kuuzia nyanya haonekani humo, na mara nyingi ni mwanamke.

Juzi nilimuuliza mama kama anakumbuka. Alinyamaza kidogo. "Na sisi tulikuwa hatuna, mwanangu," akasema. Ni kweli, hatukuwa nacho. Lakini sisi tuliweza kurudi nyumbani na unga wetu usiponunuliwa.