Nyimbo za Vita Kiwanjani: Aimbaye na Asikiaye

Jumapili moja baada ya Misa vijana wa parokia yetu hapa Bunia walicheza mpira na vijana wa parokia nyingine, waliotoka upande wa Djugu. Watu walikuwa wengi kandokando ya kiwanja. Mchezo ulipopamba moto, vijana wetu wakaanza kupiga makofi na kupaza sauti: «Boma ye! Boma ye!» Kila Mkongomani alijua neno hilo. Ni Kilingala, maana yake «muue». Walimwimbia mshambuliaji wetu, ampite beki wa wageni na kufunga goli. Hakuna aliyetaka mtu afe.

Lakini karibu nami alikuwapo mama mmoja auzaye karanga. Aliposikia makelele yale alikunja kitambaa chake, akatia karanga kikapuni, akaondoka, na hata pesa ya mtoto aliyekuwa akinunua hakuingoja. Kesho yake nilikwenda kumwamkia nyumbani kwake. Nikamwuliza: «Mama, jana ulipatwa na nini?» Akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Mwalimu, neno lile nililisikia mlangoni pangu mwaka 2003. Aliyelisema alikuwa hachezi.»

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza juu ya jambo hili. Wimbo ni mmoja, lakini masikio ni mengi. Aimbaye ajua nia yake. Asikiaye ajua makaburi yake. Kwa hiyo leo nataka tutazame pamoja habari za nyimbo za vita katika viwanja vya michezo, zilitoka wapi, na watu wa upande wa pili walizipokea namna gani.

Kwanza tujue kwamba jambo hili si geni katika Afrika yetu ya Mashariki. Hata kabla ya mpira kuenea, watu wa pwani walikuwa na ngoma iitwayo Beni. Ilianza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890 na kuendelea. Wachezaji walivaa kama askari, walipiga tarumbeta na ngoma kubwa, wakajipa vyeo vya jeshi. Baadaye vyama viwili vikubwa vilijulikana sana, Marini na Arinoti. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi waliichukua ngoma hiyo mpaka bara. Kila chama kilitunga nyimbo za kujisifu na za kuwadhihaki wapinzani. Basi, ushabiki wa leo una babu yake. Watu walicheza vita wasipigane vita, na pengine hiyo ilikuwa njia ya kuitoa hasira bila damu. Lakini dhihaka ilipozidi, ugomvi wa kweli ulitokea.

Sasa tuje Kongo. Wazee wanakumbuka jina la Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut, ambaye watu wa Kinshasa walimwita Tata Raphaël. Alipenda sana kuwafundisha vijana michezo, na kwa juhudi yake kilijengwa kiwanja kikubwa, kilichofunguliwa mwaka 1952 kwa jina la Mfalme Baudouin. Yeye alifariki mwaka 1956. Alitaka kiwanja kiwe mahali pa furaha na malezi. Lakini kiwanja hakichagui wanaoingia na yaliyomo moyoni mwao. Tarehe 4 Januari 1959 mkutano wa chama cha Abako ulizuiliwa na serikali ya kikoloni. Saa zile zile maelfu ya mashabiki walikuwa wakitoka kiwanjani, wengi wao na uchungu kwa sababu Vita Club ilishindwa na Mikado. Uchungu wa mpira ukakutana na uchungu wa nchi. Ghasia zikaenea mjini, na watu wengi wakauawa. Siku chache baadaye, tarehe 13 Januari, Mfalme wa Ubelgiji alitamka hadharani kwamba Kongo itapewa uhuru. Je, mpira ndio ulioleta ghasia zile? Hapana. Kuni zilikuwa zimekauka zamani. Mpira ulikuwa mahali ambapo watu walikuwa wamekusanyika.

Katika kiwanja kile kile, siku hiyo kikiitwa Ishirini Mei, Muhammad Ali alipigana ngumi na George Foreman tarehe 30 Oktoba 1974. Hapo ndipo neno «Boma ye» lilipojulikana duniani kote. Watu wa Kinshasa walimwimbia Ali, naye akamwangusha Foreman katika raundi ya nane. Wageni walilipenda neno hilo kama neno la shangwe. Lakini kuna jambo jingine linalosimuliwa juu ya siku zile. Foreman alikuja na mbwa wake, mbwa mkubwa wa aina ya Kijerumani. Kwake yeye alikuwa rafiki tu wa nyumbani. Watu wa Kinshasa walipomwona walikumbuka mbwa wa polisi wa wakoloni, wakazidi kumchukia mwenyewe. Kumbe hata mbwa anaweza kuwa wimbo wa vita, ikiwa atazamaye ana kovu! Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Na huko Ulaya je? Waingereza na Wajerumani walipigana vita viwili vikubwa katika karne iliyopita. Kwa miaka mingi mashabiki fulani wa Uingereza wamekuwa wakiimba juu ya ndege za Wajerumani zilizoangushwa na juu ya vita vile walivyoshinda, kila timu zao zinapokutana. Mwezi wa Machi 2017 waliimba hivyo katika mji wa Dortmund. Angalia mahali penyewe! Mji ule ulibomolewa na mabomu ya ndege, hasa Machi 1945, na raia wengi walikufa. Anayeimba juu ya ndege hafikiri habari za mtoto aliyekuwa chini ya nyumba. Wakuu wa chama cha mpira cha Uingereza wenyewe walilaumu jambo lile. Na kabla ya mashindano ya Ulaya yaliyofanyika Ujerumani mwaka 2024, polisi wa Uingereza waliwaomba watu wao wasiziimbe nyimbo hizo. Tena waimbaji wengi ni vijana. Vita vile hawakuviona, wala baba zao wengi hawakuviona. Wanajisifu kwa damu iliyomwagwa na wengine.

Mfano mwingine ni wa Amerika ya Kati. Mwaka 1969 Honduras na El Salvador zilikutana mara tatu kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, tarehe 8, 15 na 27 Juni. Mashabiki walikesha nje ya hoteli za wageni wakipiga kelele ili wachezaji wasilale. Tarehe 14 Julai majeshi yakaanza kupigana, na vita vikachukua siku nne hivi. Watu hupenda kusema ni vita vya mpira. Lakini chanzo hasa kilikuwa ardhi: Wasalvador wengi walikuwa wamehamia Honduras kulima, na Honduras ilikuwa ikiwafukuza. Mpira haukuzaa chuki ile. Uliipa sauti, na sauti ikavuka mpaka. Mtu wa ng'ambo alipoisikia hakusema, «Hao ni mashabiki tu.» Alisema, «Hilo ni taifa lao lasema nasi.»

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Ndani ya umati, mtu hujiona ni mmoja, asiye na lawama. Asema: mimi niliimba tu pamoja na wenzangu. Asikiaye upande wa pili hasikii mtu mmoja mmoja. Asikia taifa zima.

Lakini ndugu msomaji, usidhani nataka kiwanja kiwe kimya kama makaburi. Kuna namna nyingine ya kuleta vita kiwanjani, nayo haimtukani mtu. Tarehe 7 Februari 2024 timu yetu ya taifa ilicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika mjini Abidjan, na wenyeji Kodivaa. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu waliziba midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaweka vidole kichwani mfano wa bastola. Mashabiki wetu walikuwa wameonyesha alama hiyo pia. Hawakuwatisha Wakodivaa. Walisema na dunia: huko mashariki ya Kongo watu wanauawa, na ninyi mmenyamaza. Tulishindwa siku ile goli moja kwa bila. Hapa Bunia watu walisikitika kwa goli, lakini nakumbuka baba mmoja mzee aliyeambia wajukuu wake: «Leo wametutaja.» Vita vya Ituri vilivyoanza mwaka 1999 viliua makumi ya maelfu ya watu, na miaka mingi dunia haikujua hata jina la mji wetu. Kwa mzee yule, alama ya mikono ilikuwa na thamani kuliko kombe.

Basi hata alama njema yaweza kupokewa vibaya. Katika Kombe la Afrika lililochezwa Moroko, shabiki mmoja wa Kongo alisimama kama sanamu mchezo mzima, mkono wa kuume umeinuliwa, kwa kumkumbuka Patrice Lumumba aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961. Tarehe 6 Januari 2026 Algeria ilitushinda goli moja kwa bila. Mchezo ulipokwisha, mchezaji wa Algeria, Mohamed Amoura, alisimama kwa kumwiga shabiki yule, kisha akajiangusha chini. Wakongomani wengi waliumia sana. Baadaye Amoura aliomba radhi, akasema hakujua alama ile ilikuwa na maana gani. Alitaka kutania tu.

Tazameni sasa, mambo yamegeuka. Safari hii sisi ndio tulioshika jeraha, na mwingine ndiye aliyesema «nilitania». Tulikasirika, na tulikuwa na haki. Lakini je, hatukumwambia mama muuza karanga maneno hayo hayo? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nilipowakusanya vijana wetu jioni moja, niliwaeleza habari hizi zote. Kijana mmoja, hodari wa maneno, akanijibu: «Mwalimu, huo ni mchezo. Hata Kinshasa wanaimba hivyo. Ukituondolea kila neno lililowahi kutumiwa na wauaji, tutabaki na neno gani?» Nakiri kwamba jibu lake lilinishinda kidogo. Ni kweli, wauaji walitumia pia maneno «ndugu» na «njoo». Hatuwezi kuitupa lugha yote. Tena wimbo ukikatazwa kwa amri, hukimbilia gizani, na huko hukua.

Kwa hiyo sikutoa amri. Mama yule alikuwa amenipa ruhusa kueleza habari yake bila kumtaja jina, nami nikawaeleza. Mwezi wa Mei 2003 majeshi ya Uganda yaliondoka Bunia, na vikundi vyenye silaha vikagombea mji. Watu wakauawa kwa sababu ya kabila lao, na hata katika parokia ya Nyakasanza mapadre wawili waliuawa. Maelfu wakakimbilia kando ya uwanja wa ndege, karibu na askari wa Umoja wa Mataifa, mpaka majeshi ya Ulaya yalipokuja mwezi wa Juni. Mimi nilikuwa mtoto wakati ule. Nakumbuka turubai na matope kuliko risasi. Vijana wetu hawakuwa wamezaliwa. Wao hulijua neno lile kwa mpira. Mama alilijua kwa mlango wake.

Kisha nikawauliza swali moja tu: «Wale wageni waliotoka Djugu, mnajua walilisikia namna gani?» Hakuna aliyejibu. Hawakuwa wamefikiri juu ya wageni hata kidogo, wala mimi mwenyewe sikuwa nimefikiri, mpaka mama alipokunja kitambaa chake. Maana wageni wale walicheza kipindi cha pili bila kupiga kelele yoyote, nasi tulidhani wamechoka.

Mchezo wa marudiano ulifanyika majuma machache baadaye. Baadhi ya vijana walitunga wimbo mwingine, wa kumsifu mshambuliaji wetu na kumcheka mlinda lango wa wageni kwa suruali yake ndefu. Wageni wakajibu kwa wimbo wao juu ya viatu vya kapteni wetu, na watu wakacheka pande zote mbili. Lakini sitawadanganya, wasomaji. Mara mbili tatu nilisikia tena «Boma ye» kutoka nyuma, kwa wale wasiohudhuria jioni ile, na mazoea ni mazoea. Nilimwona yule kijana hodari wa maneno akigeuka kuwatazama. Hakusema kitu. Aliwatazama tu.

Na mama muuza karanga alirudi. Ila siku hizi haketi tena kandokando ya kiwanja. Anaketi karibu na barabara, mahali ambapo mtu anaweza kuondoka upesi. Nikipita humwamkia na kununua karanga zake. Siku atakaposogea karibu na chaki ya kiwanja, hapo nitajua kwamba tumejifunza kuimba.