Kaunti Iliyobadilishiwa Somo

Katika Kiswahili cha pwani, mtoto akipewa jina la mtu, mtu yule huwa somo yake. Bwana akiitwa Salim na mjukuu wake akaitwa Salim, basi hao ni masomo. Wengine husema wajina. Nalipenda neno hili kwa sababu linaliruka jina na kumwendea mtu aliye nyuma yake. Ndilo linaloeleza vizuri kuliko jingine lolote kisa cha King County, kaunti ya jimbo la Washington nchini Marekani, ambayo mwaka 1986 iliamua kubadili somo bila kubadili hata herufi moja ya jina lake.

Mahali penyewe ni pembe ya kaskazini magharibi ya Marekani, mbali kabisa na ule mji mkuu unaoitwa pia Washington. Nchi kavu yake ni takriban kilomita za mraba 5,500, zaidi ya mara mbili ya Unguja na Pemba zikiunganishwa. Magharibi inaishia Puget Sound, mkono mrefu wa bahari ulioingia ndani ya bara. Mvuvi wa Lamu angeuita hori, kisha angeshangazwa na kina chake. Mashariki ardhi inapanda hadi vilele vya milima ya Cascade vyenye theluji, na njiani mto Snoqualmie unaporomoka mita 82 kwa mkupuo mmoja. Seattle, jiji kubwa la kaunti na makao ya serikali yake, limebanwa kati ya bahari na Ziwa Washington.

Kaunti hii ilizaliwa tarehe 22 Desemba 1852. Bunge la eneo la Oregon, lililosimamia nchi hiyo kabla ya Washington kuwa eneo linalojitegemea, liliunda kaunti mbili zinazopakana na kuzipa majina ya washindi wa uchaguzi wa Marekani wa mwaka huo. Moja iliitwa Pierce, kwa Franklin Pierce aliyekuwa anangoja kuapishwa kuwa rais. Ya pili iliitwa King, kwa makamu wake, William Rufus King, seneta wa Alabama aliyekuwa na shamba kubwa la pamba na watumwa wengi. King hakuwahi kukanyaga Puget Sound. Alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, akaapishwa nchini Cuba mwezi Machi 1853, akarejea shambani kwake Alabama, akafariki tarehe 18 Aprili. Walowezi waliompa heshima hiyo walipewa makamu wa rais aliyeishi wiki chache tu baada ya kiapo.

Hapa ndipo mfasiri anapojikwaa. King ni jina la ukoo, nalo jina la ukoo halifasiriwi. Anayeandika “Kaunti ya Mfalme” amemtawaza mtu ambaye hakuwa na taji, katika nchi iliyowafukuza wafalme. Hata wenye kaunti wenyewe walipotea njia hiyo hiyo, kwani kwa miaka mingi nembo yao rasmi ilikuwa taji la kifalme. Maana ya kamusi ilikuwa imemmeza mtu, na wakazi wengi hawakujua kwamba nyuma ya lile taji alikuwako mmiliki wa watumwa.

Mwezi Februari 1986 wajumbe wawili wa baraza la kaunti, Ron Sims na Bruce Laing, walipeleka hoja kwamba kuanzia hapo jina King liwe la Martin Luther King, mpigania haki za Weusi. Hoja ilipita kwa kura tano dhidi ya nne. Somo wa kwanza akaondolewa, wa pili akakaa mahali pake, na mabango ya barabarani yakabaki yalivyo. Tofauti na mwenzake, King huyu aliwahi kufika: mwezi Novemba 1961 alizuru Seattle, akahutubu, na hiyo ikawa ziara yake ya pekee katika jiji hilo.

Masomo hawa wawili wanakutana mahali pengine pia, na sijui mkutano wa majina ulionigusa zaidi ya huu. William Rufus King alikuwa miongoni mwa waasisi wa mji wa Selma, Alabama, na ndiye aliyeuchagulia jina; kaburi lake liko huko. Selma ndiyo makao ya Kaunti ya Dallas, na mwaka 1965 ndiyo ilikuwa uwanja wa mapambano ya Martin Luther King na wenzake kudai haki ya Weusi kupiga kura. Daftari la wapiga kura lilikuwa katika jengo la mahakama la kaunti. Aliyewazuia watu mlangoni alikuwa Jim Clark, mkuu wa polisi wa kaunti. Tarehe 7 Machi 1965 askari wake na askari wa jimbo waliwapiga waandamanaji kwenye daraja la Edmund Pettus, na mwezi Agosti mwaka huo Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ikatiwa saini. Anayedhani kaunti ni mstari tu wa ramani aisome Selma. Pale kaunti ilikuwa karani, mlango na rungu.

Cheo cha Clark kwa Kiswahili huandikwa sherifu. Nashauri irabu hiyo ya kwanza ilindwe. Akiandikwa sharifu, msomaji wa Lamu au Zanzibar atafahamu mtu wa ukoo wa Mtume, na maneno haya mawili hayana udugu wowote. Sherifu ametoka katika Kiingereza cha kale, naye alikuwa msimamizi wa mfalme katika eneo lake. Sharifu ametoka katika Kiarabu na uungwana.

Je, kwa nini tuandike kaunti wakati wilaya tunayo? Mfasiri aliyekulia katika istilahi za Tanzania mkono wake huenda wenyewe kwenye wilaya, nami naelewa, maana ni neno zuri na la siku nyingi. Lakini wilaya ina kumbukumbu yake. Imetoka katika mzizi wa Kiarabu wa mamlaka, na ndugu yake ni wali, mtawala anayewekwa na aliye juu yake. Oman hadi leo imegawanywa kwa wilaya, kila moja na wali wake. Kwetu pwani huyo ndiye liwali wa enzi za Sultani wa Zanzibar, na Tanzania ya leo mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais. Neno zima linamtazama mtu aliyetumwa. King County hakuna anayetumwa: wajumbe tisa wa baraza na mtendaji mkuu wote huchaguliwa na wakazi, kwa katiba ndogo ya kaunti waliyoipigia kura mwaka 1968.

Basi kaunti. Nalo lina nasaba ya ajabu, kwani lilianzia kwenye neno la Kilatini la mtu anayeandamana na mkubwa, likawa eneo la mtemi wa Kifaransa aliye chini ya mfalme, likavuka bahari na Wanormani hadi Uingereza, kisha Waingereza wakalipeleka Marekani, ambako watemi hao hawakuwako kamwe. Louisiana hawalitumii, na maeneo yao 64 huitwa parokia, urithi wa kanisa Katoliki. Waingereza hao hao walipofika Buganda waliliita saza kaunti. Wakenya wakalipokea rasmi kwa Katiba ya 2010 na kaunti zake 47, na kwa kufanya hivyo wakakipa Kiswahili neno lenye dhana ya watu kujichagulia viongozi. Ninawashukuru kwa hilo.

Hata hivyo msomaji wa Kenya anahitaji tahadhari. Majina ya kaunti zake yamo ndani ya Katiba ya taifa, lakini kaunti ya Marekani ni mtoto wa jimbo. Ile kura ya 1986 haikuwa na nguvu kamili ya kisheria, kwa kuwa jina la kaunti liko katika sheria za jimbo la Washington. Ilibidi kungoja hadi tarehe 19 Aprili 2005, Gavana Christine Gregoire alipotia saini sheria ya kuthibitisha somo mpya. Na gavana huyo ni wa jimbo zima lenye kaunti 39. Msomaji wa Mombasa aliyezoea gavana wa kaunti atadhani aliyetia saini ni mkuu wa King County. Mwandishi aongeze maneno “wa jimbo” na shida itakwisha. Taji nalo liliondolewa kwenye nembo baada ya sheria hiyo, pakawekwa uso wa Martin Luther King.

Tukifika kwenye idadi ya watu, Kiswahili kinatupa mtihani mwingine. Sensa ya 1860 iliandika watu 302 katika kaunti nzima. Nambari hiyo si ya kweli kwa binadamu waliokuwa wakiishi huko. Wenyeji wa asili, Waduwamish na Wasnoqualmie, walikuwa na vijiji vyao kandokando ya mito, na jiji la Seattle limepewa jina la mmoja wa viongozi wao, lakini sheria ya Marekani ilikuwa na kundi la “Wahindi wasiotozwa kodi,” ambao hawakuhesabiwa. Mwaka 1855 viongozi wao walitia alama kwenye mkataba wa Point Elliott uliowaondolea ardhi. Mwaka 1916, kazi ya kuchimba mfereji ilipoteremsha Ziwa Washington kwa karibu mita 2.7, mto Black waliouvua samaki kwa vizazi ulikauka.

Kuwaita watu hawa “Wahindi Wekundu,” kama vitabu vyetu vya zamani vilivyofanya, ni kurithi kosa la mabaharia wa Ulaya waliodhani wamefika India. Sisi hatuna udhuru, maana pwani yetu imefanya biashara na Wahindi wa kweli kwa karne nyingi na tunajua India iko wapi. Na King County ya leo ina makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya India, wengi wao katika kazi za programu za kompyuta huko Redmond na Bellevue. Wahindi wa kaunti hiyo ni hao. Wale wa mtoni ni wenyeji wa asili, na vyema zaidi waitwe kwa majina ya mataifa yao.

Baada ya sensa ile ya watu 302 idadi ilipanda kwa reli, mbao, dhahabu ya Klondike mwaka 1897, kisha ndege za Boeing kuanzia 1916 na kompyuta baadaye. Sensa ya 2020 ilipata watu 2,269,675, zaidi ya robo ya wakazi wote wa jimbo, na karibu mmoja kati ya wanne alizaliwa nje ya Marekani.

Kaunti ina miji 39 yenye mabaraza yake, lakini watu takriban robo milioni wanaishi pasipo mji wowote kisheria, katika sehemu kama Skyway na White Center. Kwao kaunti ndiyo serikali ya mtaa: ndiyo inayotengeneza barabara, kutoa vibali vya ujenzi na kuleta polisi. Hali hii hatuna istilahi yake. “Vijijini” si sahihi, kwa sababu Skyway ni nyumba zilizobanana ukingoni mwa Seattle. Kwa sasa naandika “maeneo yasiyo na manispaa,” jina refu lakini lisilodanganya.

Seattle na Mombasa zina undugu rasmi wa miji tangu 1981, na kusini mwa kaunti, Kent na Tukwila, kuna familia za wakimbizi kutoka Kongo wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Kwao jimbo ni Kivu Kaskazini au Kivu Kusini. Kwa Mtanzania jimbo ni mahali anapochagua mbunge. Kwa habari za Marekani jimbo ni Washington au Alabama. Familia hizo hupokea karatasi za kura, kodi na mahakama, na neno likikosewa humo mtu hupoteza haki yake. Naiomba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na mabaraza ya Kiswahili ya BAKITA na BAKIZA, waandae orodha moja ya istilahi za serikali za mitaa itakayoeleweka Dar es Salaam, Mombasa, Goma na Kent.