Kambamiti na Mikoko ya Rufiji

Nyumba nyingi za zamani za Temeke na Kariakoo zilisimama kwa mikoko. Fito, pau na boriti zilihesabiwa kwa korja, miti 20 kila korja, na nyingi zilishushwa kwa jahazi kutoka delta ya Rufiji. Waliolala chini ya mapaa yale, wachache waliwahi kuuona msitu wenyewe.

Ni takriban hekta 53,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote pwani ya Afrika Mashariki. Umekuwa hifadhi tangu enzi za Mjerumani. Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku kukata mikoko nchini, na mkazi wa delta akionekana na boriti mbili mtumbwini alikuwa na la kujibu.

Miaka kama kumi baadaye ikazuka African Fishing Company. Ilitaka kufuga kambamiti katika mabwawa ya hekta 10,000 hivi, humo humo deltani, kwa mtaji uliotajwa kuwa dola milioni 192. Tathmini ya mazingira iliyoletwa na kampuni ilipitiwa na wataalamu chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, wakashauri mradi ukataliwe. Novemba 1997 Baraza la Mawaziri likaupitisha.

Kwa hiyo ushauri ulikuwepo, umeandikwa na kupigwa mhuri. Ila uliandikwa kwa Kiingereza, ukakaa kwenye mafaili ya Dar es Salaam, mbali na mkulima wa mpunga wa Salale ambaye shamba lake ndilo lililokuwa likijadiliwa. Hapo ndipo ninapoona kosa lenyewe. Waandishi wa mazingira wa JET na mawakili wa LEAT waliyaanika mambo hayo hadharani, na mwaka 1998 wanadelta wakaingia Mahakama Kuu, Dar es Salaam. Mradi ukazorota, kisha ukafa. Mabwawa hayakuchimbwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 sasa inadai tathmini kabla ya mradi, na wananchi wasikilizwe. Na mikoko haiko Rufiji tu: Dar es Salaam ipo Mbweni na Kunduchi, ipo Mtoni Kijichi pia. Siku ukiona vigingi vimechomekwa kwenye tope lake, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukaulize ripoti iko wapi. Nenda kabla greda halijafika.