Mzuka Asiyekua Peke Yake
Gengar alizaliwa Japani Februari 1996, katika michezo ya Pokémon Red na Green ya Game Boy. Ni mzuka mnene mwenye meno nje, ambaye mwezi ukiwa mpevu hujifanya kivuli cha mtu na kuchekelea hofu yake.

Utundu mkubwa zaidi, kwangu, ni wa waliombuni. Wachezaji wa Tetris waliitumia kebo inayounganisha Game Boy mbili ili washindane. Satoshi Tajiri, aliyekusanya wadudu utotoni, aliitazama kebo hiyohiyo akawaza viumbe wakipita humo. Ndiyo maana Haunter, mtangulizi wa Gengar, hakui hata umlee miaka kumi. Sharti umpe mtu, naye akupe chake. Anageuka Gengar akishafika kwa mwenzako, kisha wewe ndiye wa kuomba urejeshewe.

Mimi nilimpa binamu yangu, aliyekuja Unguja likizo kutoka Muscat na Game Boy mbili. Tulikaa barazani, vichwa vimegusana. Haunter akatoka kwangu, akatua kwake, akageuka. Binamu akacheka, akachomoa kebo.

“Kesho, bwana.”

Alfajiri akapanda ndege. Game Boy moja aliniachia zawadi. Kebo aliondoka nayo.

Kaseti zile hutunza kumbukumbu kwa betri ndogo ya ndani. Ikifa, vyote hufutika. Mwaka jana nilimpigia simu: yake ilikufa zamani. Yangu bado inawaka, na humo yumo Rattata, panya niliyepewa badala ya mzuka.