Mke wa Ghorofa ya Tatu: Sinema Zilivyozitendea Riwaya za Mapenzi na Hofu

Mwaka 1939, upigaji picha wa filamu ya Wuthering Heights ulipokwisha, mtayarishaji Samuel Goldwyn hakupendezwa na mwisho wake. Hakutaka watu waliolipa viingilio vyao watoke ukumbini wakiwa wamemwona Heathcliff maiti, basi. Alitaka Heathcliff na mpenzi wake Cathy waonekane wakitembea pamoja baada ya kifo. Mwongozaji, William Wyler, alikataa katakata. Goldwyn akamtafuta mtu mwingine wa kuipiga picha hiyo, akatumia watu waliovalishwa kama waigizaji wakuu, Laurence Olivier na Merle Oberon, wakapigwa kwa mbali, mgongo ukiwa kwa kamera. Kipande hicho kikaungwa mwishoni mwa filamu, na ndicho ambacho ulimwengu umekitazama hadi leo.

Ugomvi wa namna hiyo umeziandama riwaya za mapenzi na hofu tangu sinema ikiwa changa. Kampuni ya Thanhouser ya Marekani iliitoa Jane Eyre mwaka 1910, wakati filamu hazina sauti. Baada ya hapo zimefuata nyingine nyingi, za kumbini na za televisheni, na kila moja imepimwa kwa mizani ileile: sura ngapi za kitabu zimeachwa, magauni ni ya enzi gani, mwigizaji anafanana kiasi gani na aliyeelezwa kitabuni. Kwa mizani hiyo Wyler alishindwa tangu mwanzo. Alichukua takriban nusu tu ya riwaya ya Emily Brontë, akakiacha kizazi cha pili chote, akasogeza mambo mbele hadi karne ya 19 ili waigizaji wake wavae magauni mapana yenye kupendeza machoni. Hata hivyo filamu yake ilipendekezwa kuwania Tuzo za Oscar 8, na mpiga picha Gregg Toland akaondoka na moja.

Mizani hiyo haitoshi. Riwaya za aina hii zina jumba kubwa la kale, bwana mwenye hasira, msichana asiye na kwao, na usiku wenye upepo mkali. Ukivitazama vitu hivyo peke yake utaona mapambo. Uzito wake uko kwa mtu aliyefichwa ndani ya jumba, na katika kosa lililomfanya afichwe. Filamu inayomfunika mtu huyo imekikosa kitabu, hata ikiwa imefuata kila sura.

Tazama vitabu vyenyewe. Charlotte Brontë alitoa Jane Eyre mwezi Oktoba 1847 kwa jina la bandia, Currer Bell. Miezi miwili baadaye mdogo wake Emily, naye kwa jina la Ellis Bell, akatoa Wuthering Heights. Mabinti hawa wa kasisi waliishi Haworth, kijiji cha Yorkshire kilichopakana na nyika zenye baridi, lakini kurasa zao zimejaa mambo ya ng'ambo. Heathcliff ni mtoto mweusimweusi aliyeokotwa katika mitaa ya Liverpool, mji ambao bandari yake ilitajirika kwa biashara ya watumwa. Kila jirani anabuni lake kuhusu asili yake. Bertha, mke anayefungiwa ghorofa ya tatu katika jumba la Thornfield, ametoka Spanish Town, Jamaika, na ameolewa kwa mahari ya pauni 30,000 aliyokuja nayo kutoka kwao. Fedha za visiwa vya miwa zimeingia katika nyumba ya Mwingereza. Aliyekuja nazo amefungiwa juu.

Hollywood ya mwaka 1939 ilikuwa na jibu lake kwa habari za Heathcliff: ikampa nafasi hiyo Olivier, Mwingereza mweupe. Linalosikitisha zaidi ni habari za mwigizaji mwenzake. Merle Oberon alizaliwa Bombay, na kwa upande wa mama alikuwa na damu ya Asia Kusini. Maisha yake yote ya kazi aliambia watu kwamba alizaliwa Tasmania, kwa sababu ukweli ungemfungia milango ya studio. Kwa hiyo katika filamu inayohusu mtu anayedharauliwa kwa rangi yake, mwenye siri ya rangi alikuwa Cathy. Ukweli ulijulikana hadharani baada ya kifo chake mwaka 1979.

Mwaka 1940 ikaja Rebecca ya Alfred Hitchcock, iliyotokana na riwaya ya Daphne du Maurier ya 1938. Hapa mtayarishaji David O. Selznick ndiye aliyekuwa mlinzi wa kitabu: alizitupilia mbali fikra za kwanza za Hitchcock na kumtaka afuate maandishi. Lakini wote wawili walizuiwa na kanuni za maadili za Hollywood, ambazo hazikuruhusu mume amuue mkewe kisha aachwe bila adhabu. Kitabuni Maxim de Winter anampiga mkewe Rebecca risasi. Katika filamu Rebecca anajikwaa, anagonga kichwa, anakufa. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini linaivunja nguzo ya hadithi nzima, kwa maana msichana wa du Maurier, mke wa pili wa Maxim, anaendelea kumpenda mwanamume akijua kuwa ni muuaji. Filamu ilipewa Tuzo ya Oscar ya filamu bora, na kwa ufundi ilistahili. Woga wa nyumba ile, na macho ya Judith Anderson akiwa mtunza nyumba Bi Danvers, hayajapata mpinzani. Hata toleo la 2020 la Ben Wheatley, lililokuwa huru kurudisha risasi, halikuweza kuutia woga huo.

Somo kubwa kuliko yote liko mwaka 1943. Mwaka huo Robert Stevenson alikamilisha Jane Eyre akiwa na waigizaji Orson Welles na Joan Fontaine, huku Aldous Huxley akiwa mmoja wa waandishi wa mswada. Filamu inafunguka kwa kitabu kilichowekwa wazi mbele ya kamera, na maneno yanayosomwa hapo si ya Charlotte Brontë, yalitungwa studio. Sehemu ya akina Rivers, wanaompokea Jane anapokimbia Thornfield, imeondolewa. Welles amejaza kila kona kwa sauti yake, na Bertha amebaki kivuli na kelele.

Mwaka huohuo studio ya RKO ilitoa filamu ya bei nafuu, I Walked with a Zombie, ya mtayarishaji Val Lewton na mwongozaji Jacques Tourneur. Jina lake ni la kuchekesha watoto, lakini ndani yake mna Jane Eyre iliyohamishiwa kisiwa cha Karibi. Muuguzi kutoka Kanada anafika kumhudumia mke wa tajiri wa shamba la miwa, mwanamke anayetembea bila kusema neno. Bustanini imesimama sanamu iliyotoka kwenye meli ya watumwa, na mwendesha gari la farasi anamweleza mgeni jinsi wazee wao walivyoletwa na meli hiyo wakiwa katika minyororo. Mwimbaji wa kalipso anaitoa hadharani aibu ya familia. Filamu hiyo haina hata jina moja la kitabu, na bado imeingia ghorofa ya tatu ambako Stevenson hakuthubutu.

Wengine walizihamisha hadithi hizi kwa lugha zao. Luis Buñuel aliipeleka Wuthering Heights kwenye shamba la Mexico mwaka 1954, akaimalizia kaburini kwa risasi. India ilikuwa na Dilip Kumar, aliyeigiza katika Sangdil ya 1952, inayotokana na Jane Eyre, kisha katika Dil Diya Dard Liya ya 1966, inayotokana na Wuthering Heights. Rebecca nayo ikawa Kohraa mwaka 1964. Kwa watu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam waliokuwa wakijaza kumbi za sinema za Kihindi miaka hiyo, sura ya Dilip Kumar mwenye majonzi haikuwa ngeni.

Mwaka 1966 Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, alitoa Wide Sargasso Sea, riwaya inayomrudishia Bertha utoto wake, jina lake na sauti yake. Tangu hapo hakuna mwongozaji anayeweza kudai kwamba hakuambiwa. Ikatolewa filamu yake mwaka 1993, nayo ikavutiwa mno na miili na mandhari.

Mwaka 2011 ulileta filamu mbili pamoja. Cary Fukunaga alianza Jane Eyre yake kwa msichana akikimbia nyikani, kisha akarudi nyuma kueleza kwa nini anakimbia. Mia Wasikowska anamfanya Jane awe mtu wa fikra, anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Jumba lililotumika ni Haddon Hall la Derbyshire, lilelile alilolitumia Franco Zeffirelli mwaka 1996 na BBC mwaka 2006. Ni filamu nzuri. Lakini Bertha anapewa dakika chache tu, mlango unafunguliwa na kufungwa.

Andrea Arnold, kwa upande wake, katika Wuthering Heights yake aliwapa nafasi ya Heathcliff waigizaji Weusi, Solomon Glave utotoni na James Howson ukubwani. Aliondoa muziki wa kupamba, akaacha upepo, matope na pumzi. Kipigo anachopata mtoto yule hakihitaji tena maelezo. Naye Arnold alikiacha kizazi cha pili, kama Wyler, na kwa hesabu ya sura filamu zao zimepungukiwa sawa. Ilipotangazwa mwaka 2024 kwamba mwongozaji Emerald Fennell angemtumia Jacob Elordi, mwigizaji mweupe kutoka Australia, kuwa Heathcliff, wapenzi wa kitabu walibishana vikali, na baadhi yao wakaitaja filamu ya Arnold.